ELIMU YA MOTOKAA: Kuitengeneza Upya Land Rover ya Zamani

Yako magari ambayo hununuliwa mapya, yakatumiwa miaka michache, kisha yakasahauliwa. Yako na mengine yasiyokubali kusahauliwa. Mtu akienda Maralal, Isiolo, Kinangop au kwenye miteremko ya Mlima Elgon, hakosi kuona Land Rover ya zamani ikipanda njia ya matope na mizigo juu yake, ingawa vioo vimepasuka na rangi yake haijulikani tena. Dereva wake huenda hakuwa amezaliwa siku gari hilo lilipotoka kiwandani. Kwa mkulima ambaye shamba lake li mbali na lami, gari la namna hii likitengenezwa vema ni mtumishi mwaminifu. Likitengenezwa vibaya ni shimo la kutupia fedha, na pengine ni jeneza. Maelezo ya juma hili yahusu jinsi ya kulifufua gari hilo na kuliongezea uwezo wa kwenda pasipo barabara, na mambo gani yatangulie mengine.

ASILI YAKE

Gari hili lilizaliwa kwa sababu ya shamba. Maurice Wilks, aliyekuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover nchini Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na huko alitumia jeep iliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Aliona kwamba mkulima ahitaji gari la kuvuta, kubeba na kupita matopeni, lakini jeep ile ilikuwa imechakaa na nyingine ya kuishika nafasi yake haikuwapo. Basi kampuni ikaunda gari lake yenyewe, nalo likaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili, 1948. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulikuwa inchi 80 tu. Kwa kuwa chuma kilikuwa haba baada ya vita, bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu, na hiyo ndiyo sababu bodi nyingi za zamani zingali zima hata leo.

Baadaye gari likarefushwa. Yakaja ya inchi 86 na 107, kisha ya inchi 88 na 109. Katika mwaka 1958 ukatokea mfululizo wa pili, ukiwa na injini ya petroli ya lita 2 na robo. Na mwaka 1971 ukafuata mfululizo wa tatu, ulioundwa hadi 1985. Magari ya mifululizo hii mitatu yana springi za mabamba, injini zisizo na siri, na sehemu nyingi zinazofungika kutoka gari moja hadi jingine. Kwa sababu hiyo fundi wa kijijini mwenye spana, nyundo na akili aweza kufungua karibu kila kitu chake na kukirudisha.

MVUNGUNI KWANZA

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka kununua Land Rover ya zamani asianze kwa kutazama viti wala rangi. Na alale chini, atambae na tochi, atazame chasisi. Bodi ya aluminiamu haiozi upesi, lakini chasisi ni ya chuma, nayo imeundwa kwa mabamba manne yaliyochomelewa pamoja kama sanduku refu. Maji na matope huingia ndani ya sanduku hilo, vitundu vya kutolea maji vikaziba, na kutu ikaanza kula kutoka ndani kuja nje. Nje huonekana rangi nyeusi safi. Ndani hamna kitu.

Kipimo chake ni nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, na chuma kilichooza hutoa sauti nzito kama ya debe lililojaa unga. Mahali pa kugonga ni hapa: boriti ya nyuma kabisa, ambapo trela hufungwa; mikono inayotoka ubavuni kushikilia bodi; mahali springi zinaposhikwa; na pembe mbili za mbele. Tena itazamwe kuta ya chuma iliyo kati ya injini na miguu ya dereva, hasa sakafu za kuwekea miguu, kwa maana hiyo si ya aluminiamu.

Palipooza hapatiwi kiraka juu ya kutu. Hukatwa mpaka chuma kizima kionekane, kisha bamba jipya la unene usiopungua milimita 2 likachomelewa. Kabla ya kuwasha mtambo wa kuchomelea, betri ifunguliwe na tangi la petroli liondolewe, kwa kuwa katika mengi ya magari haya tangi hukaa chini ya kiti, karibu sana na kazi yenyewe. Tangi tupu lina hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka. Vilevile gari liwekwe juu ya vigingi vilivyo sawa pande zote kabla ya kukata kitu, la sivyo chasisi itapinda na milango haitafungika tena. Kazi ikiisha, vitundu vya kutolea maji vizibuliwe, na ndani ya sanduku la chasisi kunyunyizwe nta au mafuta mazito ya kuzuia kutu. Siku hizi chasisi mpya zilizopakwa zinki zaweza kuagizwa kutoka ng'ambo. Bei yake ni kubwa, lakini mwenye kununua moja hanunui tena.

NDUGU WAWILI NA FEDHA MOJA

Mfano ufuatao wafaa kuzingatiwa. Mkulima wa ng'ombe wa maziwa na mdogo wake, ambaye ni karani mjini, walichanga fedha wakanunua Land Rover ndefu ya inchi 109 iliyoundwa mwaka 1966. Shabaha yao ilikuwa kuchukua maziwa yao na ya majirani mpaka kwenye barabara ya lami wakati wa masika, maana lori la kukusanya maziwa halikuweza kupita matope, na kila siku ya mvua kubwa maziwa yalimwagwa au kupewa ndama. Fedha zilizosalia zilitosha jambo moja kati ya mawili: kubadili injini, au kutengeneza chasisi na breki.

Karani alikuwa na shauku ya injini. Alimwambia mkubwa wake, "Kaka, gari lisilo na nguvu ni mkokoteni. Na tununue injini ya dizeli yenye tabo, pamoja na matairi makubwa, tuliinue juu. Hayo mengine yatafuata pole pole."

Mkulima hakumjibu papo hapo. Alimwita fundi mzee wa soko lile, naye akaingia chini ya gari na nyundo yake. Pigo la tatu juu ya boriti ya nyuma liliingiza nyundo ndani. Fundi akatoka, akapangusa mikono, akauliza neno moja tu: "Mzee, injini hiyo mpya mtaifunga juu ya nini?"

Karani alinyamaza. Kaka yake akasema, "Mdogo wangu, nguvu si mbaya. Lakini maziwa haya ni ya watu kumi na wanne, na barabara yenyewe ina mteremko. Tuanze na kitu cha kusimamisha gari, kisha tutafute cha kulikimbiza." Basi fedha zikaenda kwenye chasisi na breki, na injini ya zamani ya petroli ikasafishwa tu. Yaliyofuata yataelezwa hapa chini.

BREKI KABLA YA NGUVU

Breki za magari haya ni za ngoma katika magurudumu yote manne, nazo huendeshwa kwa mafuta yanayosukumwa na mguu. Katika yale ya zamani njia ya mafuta ni moja tu kwa magurudumu yote. Maana yake ni kwamba bomba moja likipasuka, breki za magurudumu manne hupotea pamoja. Magari ya baadaye yaliwekewa njia mbili zilizotengana pamoja na kifaa cha kuongeza nguvu ya mguu, na mtu aweza kuvihamishia vifaa hivyo katika gari la zamani. Ni badiliko jema kuliko mengi yanayopendeza macho.

Mabomba ya chuma yaliyokula kutu yatolewe yote, yakawekwe ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo haili kutu. Mipira inayounganisha bomba na gurudumu ibadilishwe hata kama kwa nje yaonekana mizima, kwa sababu mpira wa zamani huvimba kwa ndani na kuzuia mafuta yasirudi, na breki ikabaki imeshika. Vipande vya mpira vilivyo ndani ya silinda visioshwe kamwe kwa petroli, mafuta ya taa wala oili ya injini. Hivyo huvimba na kuharibika. Huoshwa kwa mafuta ya breki yenyewe. Hewa hutolewa kwa kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu.

Liko jambo la breki ya mkono ambalo madereva wengi hawalijui, nalo limeua watu. Katika Land Rover breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika ngoma iliyo nyuma ya giaboksi, yaani hushika propela inayokwenda ekseli ya nyuma. Basi gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliacha lizunguke bure, na gari lote laweza kuteremka ingawa breki ya mkono imevutwa mpaka mwisho. Kwa hiyo kila gari la namna hii na lichukue vipande viwili vya mbao vilivyochongwa kama kabari, na kabari hizo ziwekwe nyuma na mbele ya gurudumu lililo chini kabla jeki haijaguswa.

EKSELI NA GIA ZA CHINI

Land Rover ya zamani huenda kwa kawaida kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Dereva akibonyeza kitufe cha manjano, magurudumu ya mbele nayo huvuta. Akivuta mkono mwekundu, gia zote hushuka kwa kadiri ya nusu, nayo magurudumu ya mbele hujiunga yenyewe. Gari huenda polepole sana, lakini kwa nguvu nyingi. Kwa kuwa hakuna difu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, magurudumu manne yasitumiwe pamoja juu ya lami kavu. Katika kona magurudumu ya mbele husafiri mwendo mrefu kuliko ya nyuma; matopeni tofauti hiyo humalizika kwa kuteleza kidogo, lakini juu ya lami haina pa kutokea, na mwisho huvunja vyuma.

Sehemu dhaifu inayojulikana ni shafti za ndani ya ekseli ya nyuma, hasa katika magari yaliyotumia ekseli ya Rover. Magari mengi marefu ya mfululizo wa tatu yalipewa ekseli ya nyuma ya Salisbury, iliyo nene na yenye nguvu zaidi, nayo mafundi huitafuta sana ili kuihamishia katika magari ya zamani. Shafti haivunjwi na mzigo peke yake. Huvunjwa na mguu wa dereva anayeachilia klachi ghafula wakati magurudumu yamenaswa, au anayeacha gurudumu lizunguke kasi hewani kisha likashika ardhi kwa ghafula.

Hilo ndilo lililowapata ndugu wawili waliotajwa. Katika masika ya kwanza karani alikuja nyumbani likizo, akaomba kuendesha. Gari lilijaa mikebe ya maziwa, nalo likanaswa katikati ya mwinuko. Akaona haya kuomba msaada, wala hakubonyeza kitufe cha manjano. Akakanyaga mafuta na kuachilia klachi. Ukasikika mlio kama wa bunduki, na injini ikazunguka bure. Shafti ya nyuma ilikuwa imekatika. Alikanyaga breki, gari likasimama. Akavuta breki ya mkono, akainua mguu ili ashuke. Gari likaanza kurudi nyuma kuelekea korongoni, kwa maana breki ile ilishika propela ambayo haikuwa tena na uhusiano na gurudumu lililokatika, na difu likaacha mambo yaende. Kaka yake alipiga kelele, "Kanyaga! Kanyaga!" naye akakanyaga. Breki za mguu, zile zilizonunuliwa badala ya injini, zikashika magurudumu manne. Mkulima akaweka kabari mbili za mbao, wakashuka, wakakaa kitako katika mvua kwa muda pasipo kusema neno.

Kisha waliyafanya yaliyofaa. Walipakua mikebe, wakavuta mkono mwekundu ili magurudumu ya mbele yavute, na gari likaenda nyumbani polepole kwa ekseli ya mbele peke yake. Mikebe ilibebwa na majirani hadi kwenye lami, ikafika imechelewa lakini haikumwagika.

Mbele ya gari nako kuna jambo la kutazamwa. Mapira makubwa ya chuma yaliyo nyuma ya magurudumu ya mbele hung'aa yakiwa mazima. Yakishaliwa na kutu huchubua mpira wa kuzuia mafuta, na mafuta humwagika juu ya tairi. Kuongeza oili kila juma si dawa; dawa ni kubadili mapira hayo pamoja na beringi zake na kurekebisha mkazo wake. Na aliyeweka vitovu vya kufungia magurudumu ya mbele ili kupunguza petroli, akumbuke kuvifunga mara kwa mara na kuendesha mwendo mfupi katika njia laini, ili mafuta yafike juu.

SPRINGI, KIMO NA MATAIRI

Springi za mabamba zilizokaa miaka mingi hushikana kwa kutu, zikawa kama ubao. Mwenye gari hulaumu springi kuwa ni ngumu, ilhali zataka kufunguliwa, kusuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa grisi. Bushi zilizolika zibadilishwe. Atakayenunua springi mpya akumbuke kwamba kwa kawaida ya upande wa dereva hupinda zaidi kidogo kuliko ya upande wa pili, kwa sababu ya uzito. Akizibadilisha mahali, gari litaegemea upande mmoja. Zipo pia springi za kisasa zenye mabamba machache yasiyosuguana, nene katikati na nyembamba mwishoni, ambazo hufanya gari lipande vizuri juu ya mawe.

Vijana wengi hupenda kuliinua gari kwa kuweka vishikio virefu vya springi. Gari lililoinuliwa kupita kiasi hugeuza pembe ya propela na kuviua viungo vyake, huvuta mipira ya breki mpaka ikakatika, hufanya usukani upoteze mwelekeo, na hupinduka upesi pembeni mwa kilima. Inchi moja au mbili zatosha kwa kazi ya shamba.

Kwa gari refu, matairi ya kipimo cha 7.50-16 yenye meno marefu yametumika miaka mingi nayo yanafaa: ni membamba na ya kimo, huukata utelezi wa juu na kutafuta udongo mgumu ulio chini. Mahali pa mchanga, kama jangwa la Chalbi, upepo wa tairi hupunguzwa hata kadiri ya paundi 15 ili tairi litandazike; kisha mwendo uwe mdogo, na upepo urudishwe kabla ya kufika barabara ngumu, kwa maana tairi lenye upepo kidogo likienda kasi hupata moto na kupasuka. Basi pampu na kipimo cha upepo ni vifaa vya lazima. Udongo mweusi wa pamba hauna dawa ya upepo. Ukilowa hushika tairi mpaka likawa duara tupu la udongo, na hapo minyororo ya kufunga juu ya tairi husaidia kuliko tairi jipana.

INJINI NA UMEME

Injini ya petroli ya lita 2 na robo hutoa kadiri ya nguvu za farasi 70. Si nyingi, lakini kwa gia za chini zatosha kupanda mahali ambapo mtu hupanda kwa mikono. Kabla ya kuitupa, fundi na apime mkandamizo wa kila silinda, arekebishe nafasi ya valvu kuwa sehemu 10 katika 1,000 za inchi, yaani milimita 0.25, asafishe kabureta na rejeta, na kuosha chujio la hewa, lile la mafuta, ambalo vumbi la Kenya hulijaza upesi. Petroli yenye risasi ilikomeshwa katika Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006. Kwa hiyo injini ya zamani inapofunguliwa ni busara kuwekewa viti vya valvu vya chuma kigumu, kwa kuwa risasi ile ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti laini visilike.

Anayeamua kubadili injini hufanya vema kufikiri mfululizo mzima. Injini ya dizeli ya Land Rover ya lita 2.5 yenye tabo, ile ya 200Tdi iliyotokea mwaka 1989, huingia katika magari haya kwa kazi ya kiasi, nayo hunywa mafuta kidogo. Lakini nguvu zake zapita farasi 100. Giaboksi, shafti na breki za zamani hazikuundwa kwa nguvu hizo. Breki hutangulia, ekseli hufuata, injini huja mwisho. Tena sheria ya Kenya yataka mabadiliko ya injini, ya rangi na ya umbo la gari yaandikwe katika hati ya gari. Asiyefanya hivyo atasumbuka siku ya kukaguliwa, siku ya kuuza, na hasa siku ya kudai bima.

Kwa habari ya umeme, magari mengi yaliyoundwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa ncha ya betri yenye alama ya kujumlisha kwenye chasisi, kinyume cha desturi ya leo. Aliyefunga redio au altaneta mpya bila kulitambua hilo ameiunguza katika dakika moja. Taa za ziada nazo ziwe na fyuzi zake na waya nene. Moto mwingi wa magari ya zamani huanza kwa waya mwembamba uliofungwa kwa karatasi ya sigara.

KUVUKA MAJI NA KUTOKA MATOPENI

Kina cha nusu mita ndicho kipimo cha kawaida kwa gari hili. Kabla ya kuvuka, mtu na ashuke atembee majini kwa fimbo. Asipoweza kusimama kwa ajili ya mkondo, gari nalo halitasimama. Chini ya nyumba ya klachi kuna kitundu cha kutolea mafuta. Kizibo chake hufungwa kabla ya kuvuka na kufunguliwa baadaye. Kanda la feni hulegezwa ili feni isirushe maji juu ya plagi. Mwendo uwe wa kutembea, gia za chini, wala klachi isikanyagwe katikati. Ng'ambo, dereva na akanyage breki kidogo kidogo mpaka zikauke. Jioni, oili ya difu na ya giaboksi itazamwe: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, nayo imwagwe yote kabla beringi hazijaharibika. Bomba refu la kuvutia hewa linalopandishwa kando ya kioo ni zuri, hasa kwa vumbi, lakini haliwaruhusu watu kuvuka mto uliofurika.

Kwa kunasuka, koleo, mbao mbili imara na kamba nzuri hushinda winchi ya bei kubwa katika mikono isiyojua. Mwenye winchi ya waya na atupe blanketi zito au gunia lenye udongo juu ya waya uliokazwa, na watu wakae mbali kuliko urefu wake. Waya ukikatika hukata mguu kama panga. Kamba isifungwe kwenye mpira wa kuvutia trela, kwa maana huchomoka na kuruka kama risasi. Ifungwe kwenye chasisi nzima, mahali palipochomelewa kwa kazi hiyo.

DAFTARI LA GARI

Mwisho, mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye gari la zamani na awe na daftari ndogo ndani ya gari, akaandike tarehe, maili zilizosomwa, oili iliyobadilishwa, sehemu iliyonunuliwa na bei yake. Baada ya mwaka mmoja daftari hiyo itamwambia kama gari lamlisha au lamla. Karani yule ndiye anayeiandika daftari ya gari la nduguye sasa, na katika ukurasa wake wa kwanza aliandika mambo matatu ya kutazamwa kila asubuhi kabla injini haijawashwa: mafuta ya breki, nati za magurudumu, na kabari mbili chini ya kiti. Injini ya dizeli haijanunuliwa bado, ila nusu ya bei yake imekwisha wekwa akiba kutokana na maziwa. Anayetaka kuiga mfano huo na aanze mahali walipoanzia wao, chini ya gari, na nyundo mkononi.